Maneno Ishirini na Moja ya Kwenda Chooni

Uvumilivu uliniisha Jumanne, saa tano asubuhi, nikiwa na udongo wa vitunguu kwenye kucha. Shule ilinipigia simu: njoo na nguo za mtoto. Nguo za nini? Njoo tu, mama. Nikapanda bodaboda kutoka kwetu Maisaka mbio mbio, nikamkuta mwanangu Theresia, tunayemwita Tere, miaka sita, darasa la kwanza, ameketi kwenye benchi nje ya ofisi. Amefungwa sweta ya mwalimu kiunoni. Sketi yake ilikuwa kwenye mfuko na mfuko umepigwa fundo. Halii. Angekuwa analia ningejua la kufanya.

Mwanangu alichelewa kufika chooni. Nitaliandika hivyo hivyo, si vinginevyo, na sababu mtaiona mbele.

"Mama Tere, sisi hatumzuii mtoto kwenda chooni," mwalimu wake akaniambia. Ni binti mdogo kuliko mimi, ana sauti ya upole, na wala simchukii. "Ila lazima aombe kwa Kiingereza. Sentensi iko ukutani. Akikosea anaanza upya."

"Alikosea mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Na ulikuwa unamwangalia?"

"Kumwangalia vipi?"

"Anavyosimama. Miguu."

Mwalimu mkuu ndiye aliyejibu, akiwa bado ameinamia daftari lake. "Umemleta hapa ili ajue Kiingereza, mama. Basi leo amejifunza. Hatasahau tena."

Hapo ndipo uvumilivu uliponiisha. Nilitoka ofisini bila kuaga, nikaingia darasa la kwanza. Watoto arobaini wakasimama wakaniimbia kwa pamoja, "Good morning our visitor!" Nikawaambia kaeni, wanangu. Nikaenda moja kwa moja ukutani, nikaishika ile karatasi ya sentensi nikaivuta niipasue mbele yao wote. Haikupasuka. Nikavuta tena. Imefanyiwa laminesheni nzito ya plastiki, kingo zimebanwa vizuri, haina hata pembe moja iliyoachia.

Ndipo nikaisoma. "Excuse me please Madam, may I kindly please be permitted to go out outside to the toilet and return back again?" Kuzunguka kingo, mpaka wa maua madogo yenye majani matatu matatu.

Nikaachia mikono. Maua yale nayajua. Laminesheni ile naijua. Karatasi ile niliichapa mimi.

Sasa nisikilizeni, ninyi mnaokaa leo kwenye viti vya steshenari mkichapa barua za watu. Nilifanya kazi hiyo miaka saba hapa Babati, jirani na stendi, nikaiacha mtoto wa pili alipozaliwa na mgongo ulipokataa. Nina miaka thelathini na moja na najiita mstaafu. Chekeni. Sasa hivi nauza vitunguu. Lakini kazi ile inamfuata mtu mpaka nyumbani kwake, kama mlivyoona.

Niliingia nikiwa na cheti cha kidato cha nne chenye C ya Kiingereza, nikijiona mwalimu wa Malkia. Mwenye duka alikuwa Dada Paskalina, Mwiraqw wa upande wa Mbulu. Tulimwita Dada ingawa alikuwa na umri wa mama yangu. Alianza kuchapa kwenye taipureta ya ofisi za serikali, enzi za karatasi za kaboni. Kwa ninyi ambao hamkuziona: unapanga karatasi nne na kaboni katikati, unapiga herufi kwa nguvu ili ya nne nayo isomeke, na ukikosea unakwangua nakala zote nne kwa wembe, polepole, usitoboe. Mtu aliyekwangua neno mara nne haongezi neno lisilo na kazi. Mimi nilianza na kompyuta. Kufuta ni kidole tu, kuongeza ni kidole tu. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wangu.

Na wateja nao walinitia kiburi. Kijana mmoja wa Nangara aliniletea barua ya kuomba kazi inayoanza, "I am hereby writing this letter to write and apply my application." Nikampunguzia. Akaisoma, uso ukamshuka.

"Dada, mbona umeikata hivi? Niongezee kidogo basi, ionekane nimesoma."

Niongezee. Kama yuko sokoni. Sasa nauza vitunguu najua: kwenye fungu la vitunguu, nyongeza ni upendo, mteja anaondoka anatabasamu. Kwenye barua, nyongeza ni mzigo, na unambebesha msomaji. Lakini wakati ule sikujua, nikamwongezea. Nikawaongezea wengi. "Past history." "Join together." "Repeat again." "My full complete names." Nikiona barua fupi naona kama nimempeleka mteja mtaani bila shati.

Dada Paskalina alikuwa na njia mbili za kutibu hilo. Ya kwanza ni kidole. Funika neno kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta, soma sentensi. Maana imebaki? Neno liondoke. Kioo chetu kilikuwa na alama za vidole kama dirisha la basi, na wateja walidhani hatufuti vumbi.

Ya pili ilikuwa sheria, na aliyeivunja alifokewa mbele ya foleni: barua haiprintiwi mpaka mwenyewe asomewe kwa lugha yake. Hata kama imeandikwa Kiingereza. Hata kama foleni imefika barabarani. Unaitafsiri neno kwa neno, huruki hata moja, naye anasikiliza. Ukiona aibu kulitamka kwa Kiswahili, basi neno hilo halikuwa lake, lilikuwa lako.

Nilijifunza hilo kwa punda. Mzee mmoja mfugaji, shuka begani, fimbo kaiegemeza kwenye fotokopi yetu, alikuja kutuandikisha barua kwa mzungu mwenye kambi ya watalii. Gari la kambi lilikuwa limemgonga punda wake. Nikachapa kwa mbwembwe: "My donkey was hit and knocked by your vehicle car and died dead on the spot and is now late."

"Msomee," Dada Paskalina akasema kutoka kwenye kiti chake.

Nikaanza. "Punda wangu aligongwa na kupigwa na gari lako motokaa, akafa mfu papo hapo, na sasa ni marehemu."

Mzee akaninyooshea kidole kimoja. "Huyo ni punda mmoja?"

"Mmoja, mzee."

"Mbona mmemuua mara tatu? Gari lilimgonga mara moja."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mimi nilitamani kuingia chini ya meza na nyaya. Mzee hakucheka. Akaegemea kaunta akasema taratibu, "Andika hivi. Umeua punda wangu. Njoo uniambie pole." Nikaandika hivyo, mistari miwili, na ukurasa uliobaki ukawa mweupe wote. Yule mzungu alikwenda mwenyewe mpaka bomani kwa mzee. Mzee alirudi kutuambia, na akanipungia fimbo kama mtu tuliyechunga naye.

Msidhani Kiswahili chetu ni kitakatifu kwenye jambo hili. "Tafadhali husika na kichwa cha habari cha hapo juu." Dada Paskalina alikuwa akifika hapo anavua miwani. "Kichwa kiko juu, kingekuwa wapi? Magotini? Na mtu ameshakisoma, asipohusika nacho ahusike na kipi?" Aliifuta sentensi hiyo kwenye kila barua, na kila mteja alidai irudishwe.

Sasa kosa langu.

Nilikuwa mwaka wa pili kazini. Dada Paskalina amekwenda Mbulu kwenye msiba, wiki nzima, kaniachia duka. Akaja mwalimu mmoja amevaa tai, wa shule ya Kiingereza iliyokuwa ndiyo kwanza inafunguliwa, ile ile niliyokuja kumpeleka Tere. Alikuwa na sentensi kumi za watoto, kaziandika kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari. Ya nne ilikuwa hii: "May I go out?" Basi. Maneno manne.

Nikaionea huruma. Kweli kabisa, niliionea huruma ile sentensi, na huyu mwalimu na tai yake. Nikasema moyoni, shule ya Kiingereza hiyo, wazazi watasoma, wataona nini? Nikaweka "please". Nikaona haitoshi, nikaweka "kindly", nikaweka "please" nyingine. "Go out" nikaiongezea "outside" ili mtoto asije akatokea ndani. Nikamalizia na "return back again". Mnaona? "Return" ni kurudi, "back" ni kurudi, "again" ni tena. Mtoto alitakiwa arudi mara tatu kabla hajaenda mara moja. Nikaipa karatasi yake peke yake, nikachora mpaka wa maua, nikafanya laminesheni nene. Yule mwalimu aliisoma kwa sauti, akafumba macho. "Hiki sasa ndicho Kiingereza!" Akaagiza ya kila darasa.

Sikumsomea kwa Kiswahili. Nilijiambia mwalimu hahitaji. Lakini ukweli ni kwamba mwenye sentensi hakuwa mwalimu. Mwenye sentensi alikuwa mtoto aliyebanwa, naye hakuwepo dukani.

Dada Paskalina aliporudi akapitia faili la kazi za wiki. Alifika kwenye karatasi ile, akaisoma, akavua miwani.

"Wewe umewahi kubanwa?"

"Nimewahi, dada."

"Ulisema maneno mangapi?"

Akaisukuma karatasi mbele yangu.

"Please moja ni adabu," akasema. "Ya pili ni woga. Tunawafundisha watoto woga. Nenda shule kesho, mwombe radhi mwalimu, zirudishe, tutamchapia nyingine."

Kesho yake nilitoka, nikafika mpaka kwenye geti la shule. Nikazisikia sauti za watoto ndani. Nikamfikiria yule mwalimu alivyofumba macho kwa furaha, nikaona haya. Nikageuza. Nikakaa kwa mama muuza maandazi mpaka muda ukatosha, nikarudi dukani. "Amesema ni nzuri, wanazipenda zibaki," nikasema. Dada Paskalina akanitazama, akasema haya, akaendelea kubana karatasi. Lilipita hivyo.

Zile karatasi zilikaa ukutani miaka kumi. Laminesheni yangu haikuwa ya kubahatisha.

Turudi kwa Tere. Tangu Jumanne ile hakusema neno. Si kwa Kiingereza, si kwa Kiswahili. Mdogo wake anamvuta nywele, kimya. Bibi yake anampigia simu, anasikiliza, anarudisha simu. Akitaka kwenda chooni hapa nyumbani, kwetu, ambako hakuna karatasi ukutani, anakuja anasimama mlangoni anashika gauni lake kwa mikono miwili, ananitazama. Nami naacha chochote ninachoshika, namwambia nenda, mama, nenda. Hata ugali uungue. Jumatano hivyo. Alhamisi hivyo. Hasira niliyokuwa nayo ilikuwa inatafuta pa kutokea, na kila nilipofungua mlango nilijikuta mwenyewe nimesimama nje.

Ijumaa asubuhi nikampigia simu Dada Paskalina. Sasa amerudi kwao, analima shayiri na vitunguu saumu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba Mama Tere. Mbona sauti hiyo?"

Nikamweleza yote. Nikafika mwisho nikasema, "Dada, zile karatasi sikwenda kuzirudisha. Nilidanganya."

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Ulirudi una sukari ya maandazi mdomoni. Nikasema ataniambia mwenyewe akiwa tayari. Sikudhani ungechukua miaka kumi." Nikamsikia anamfukuza kuku. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kwenye kiti chake, "Na mimi nilikaa kimya, kwa hiyo tumo wawili. Haya. Nenda kazirudishe."

Hakunisema zaidi ya hapo. Nililia nikiwa nimeshika simu iliyokwisha kukatwa.

Mchana nikakaa uani na daftari nikaandika malalamiko. Tere yuko pembeni yangu anachambua maharage, anatoa mawe anayapanga kwa mstari. Niliandika kurasa mbili. Hasira inapenda maneno kuliko kitu chochote, wanangu, inayapenda kuliko hata Kiingereza. Niliandika unyama, ukatili, udhalilishaji, uonevu, yote kwenye mstari mmoja. Nikakumbuka kidole. Nikafunika moja, maana ikabaki. Nikafunika la pili, ikabaki. Kurasa mbili zikawa moja, kisha nusu.

Halafu nikakumbuka sheria. Barua haiprintiwi mpaka mwenyewe asomewe.

"Tere," nikasema, "barua hii inakuhusu. Nakusomea. Kama kuna kitu hukitaki, nishike mkono."

Nikasoma. Anachambua maharage, hanitazami. Nikafika kwenye sentensi ya kilichotokea siku ile. Nilikuwa nimetumia lile neno, mnalijua, lile ambalo watoto wenzake walilisema wakicheka. Mkono mdogo ukaja juu ya karatasi. Kidole kikalifunika neno.

"Hilo usiandike," Tere akasema.

Siku nne. Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwa siku nne, nami nilishikilia kalamu nisiivunje.

"Niandike nini, mama?"

Akatoa jiwe moja kwenye maharage. "Andika nilichelewa."

Nikafunika lile neno kwa kidole changu, nikasoma sentensi. Alikuwa sahihi. Maana ilibaki yote. Kilichoondoka ni aibu, na aibu haikuwa yake kubeba.

Simu zenu siku hizi zinaandika Kiingereza zenyewe. Unabonyeza, ukurasa unajaa. Nimeziona, nazo zinapenda "kindly" kama nilivyoipenda mimi. Tumieni, sijawakataza. Ila simu haijui nani amebanwa. Kabla ya kuprinti, mtafute mwenye barua, na ujiulize vizuri mwenye barua ni nani, kwa sababu mara nyingi siye aliyesimama kaunta. Msomee. Acha aweke kidole chake.

Na jambo la mwisho la kazi: ukipeleka malalamiko, peleka nakala mbili, na usiondoke mpaka yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Jumatatu, mwalimu mkuu alitaka kuiweka barua yangu kwenye droo. Nikamwambia nitasubiri, sina haraka, vitunguu haviozi upesi. Nikasubiri. Muhuri ukagongwa. Barua yenyewe hii hapa.

Mwalimu Mkuu,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SENTENSI YA KUOMBA KWENDA CHOONI

Mimi ni mama wa Theresia, darasa la kwanza. Jumanne iliyopita mwanangu aliomba kwenda chooni. Aliambiwa aanze upya mara tatu. Alichelewa.

Nalalamika kwamba mtoto aliyebanwa alipewa mtihani. Nalalamika kwamba wenzake waliachwa wamcheke. Nalalamika kwamba niliambiwa amejifunza.

Karatasi iliyoko ukutani niliichapa mimi nilipokuwa nafanya kazi steshenari. Shule iliniletea maneno manne. Kumi na saba niliyaongeza mimi. Niliambiwa nije kuirudisha, sikuja. Kwa hilo naiomba radhi shule, na nimemwomba radhi mwanangu. Kumwona mtoto na kusikiliza sentensi badala yake, hilo ni kosa lenu.

Naomba karatasi hizo zitolewe madarasa yote. Hazipasuki, nimeleta mkasi. Naomba mtoto aliyebanwa aende kwanza, kwa lugha yoyote au kwa mkono tu. Kiingereza atafundishwa akirudi. Naomba mwalimu amwombe radhi Theresia mbele ya darasa lile lile.

Nimeambatisha karatasi mpya ya kila darasa. Ina maneno manne.

Theresia amesomewa barua hii kabla sijaisaini. Amepunguza neno moja.

Mama Theresia,
Maisaka, Babati.

Nakala:
Afisa Elimu Kata
Theresia, darasa la kwanza